Kwa nini dunia ya gemu fulani huonekana hai? Siri si ukubwa wa ramani

Muulize kijana aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation vya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi akuelekeze Grove Street. Atakuelekeza bila kusita. Nyumba ya mama yake CJ iko mwisho wa mtaa, pale barabara inapoishia kwenye duara.

Mtaa huo haupo popote duniani. Upo ndani ya GTA San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004.

Sasa muulize kijana huyohuyo kuhusu gemu aliyopakua mwezi uliopita, yenye picha kali na ramani kubwa kuliko hiyo. Huenda hata jina la mhusika mkuu halikumbuki.

Tofauti iko wapi? Kwa nini gemu moja hukaa kichwani miaka 20, na nyingine hufutwa kwenye simu baada ya siku 2?

Jibu fupi ni hili: dunia tajiri ni ile inayomfanya mchezaji aamini mambo 3. Kwamba ilikuwepo kabla hajafika. Kwamba ina shughuli zake hata asipokuwepo. Na kwamba inakumbuka alichofanya.

Makala hii inaeleza jinsi watengenezaji wanavyofanikisha hayo, kwa mifano ya gemu zinazojulikana. Tahadhari: baadhi ya matukio muhimu ya hadithi zake yametajwa humu.

Kwanza: ukubwa si utajiri

Kila gemu mpya ikitangazwa, jambo la kwanza kusifiwa huwa ni ukubwa wa ramani. Lakini historia inaonyesha kwamba ukubwa peke yake haumshikilii mtu.

Mwaka 1996, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa The Elder Scrolls II: Daggerfall. Ilinadiwa kuwa na eneo linalokaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza, likiwa na maelfu ya miji, vijiji na mapango. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ilitengenezwa na kompyuta yenyewe kwa kufuata kanuni, hivyo vijiji vingi vilifanana. Ukiona kimoja, umeona mia.

Gemu iliyofuata katika mfululizo mkuu, Morrowind ya mwaka 2002, ilifanya kinyume. Ramani ilipunguzwa mno, ikabaki kisiwa kimoja kinachoitwa Vvardenfell. Lakini safari hii miji, makaburi na njia vilipangwa kwa mkono.

Katika Morrowind hakuna mshale unaokuonyesha pa kwenda. Unauliza watu, nao wanakuelekeza kama mtu anavyoelekezwa uswahilini: vuka daraja, fuata mto, ukiona njia panda shika kushoto, ukipitiliza rudi. Ili ufike, lazima uitazame dunia yenyewe. Ukishaitazama hivyo, huisahau.

Mfano wa karibuni zaidi ni No Man's Sky, iliyotolewa na studio ya Hello Games ya Uingereza mwezi Agosti 2016. Ilikuwa na sayari nyingi kupindukia: namba 18 ikifuatiwa na sifuri 18. Ilipotoka, wachezaji wengi walilalamika kwamba baada ya sayari kadhaa hakukuwa na jipya la kufanya. Studio hiyo ililazimika kutumia miaka mingi ikiongeza mambo bila malipo, yakiwemo makazi ya kujenga na njia bora ya kucheza na marafiki. Ndipo sifa yake ikarudi.

Kilichoiokoa No Man's Sky hakikuwa sayari zaidi, kwa sababu sayari zilikuwepo za kutosha tangu siku ya kwanza. Iliokolewa na mambo yaliyompa mtu sababu ya kubaki kwenye sayari moja.

Dunia iliyokuwepo kabla yako

Fikiria unaingia kwenye nyumba ya mtu usiyemjua. Hakuna anayekwambia kitu. Lakini ukiona viatu vidogo mlangoni, picha ya harusi ukutani na dawa mezani, tayari umeshajua mengi kuhusu familia hiyo.

Gemu nzuri hufanya hivyohivyo. Badala ya kukuketisha usome historia ndefu, inakuachia alama uzisome mwenyewe.

Mfano unaotajwa sana ni wa The Last of Us, gemu ya mwaka 2013 kuhusu Marekani baada ya ugonjwa kuangamiza watu. Ndani yake kuna mtu anayeitwa Ish. Mchezaji hamwoni hata mara moja. Anakutana na barua zake tu.

Barua ya kwanza iko kwenye boti iliyokwama ufukweni. Ish alikimbilia baharini ugonjwa ulipoanza, kisha akarudi nchi kavu na kujificha kwenye mitaro ya maji machafu. Ukiendelea kutembea humo chini unagundua kwamba hakubaki peke yake. Alikaribisha familia nyingine. Kuna michoro ya watoto ukutani, kuna sehemu ya darasa, kuna sheria za kuishi pamoja.

Halafu unajua kwamba kuna siku mlango uliachwa wazi. Kwenye chumba kimoja unakuta mabaki ya mtu mzima na watoto, na maandishi sakafuni yanayoeleza kwamba watoto hawakuteseka. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, wala hakuna anayesimulia. Unaunganisha mwenyewe.

Sehemu hiyo yote unaweza kuipita kwa dakika chache bila kusoma barua hata moja, na gemu haitakulaumu. Ndiyo maana anayesoma huhisi ameipata hadithi kwa jasho lake.

Usimwambie mchezaji kila kitu

Anayejulikana zaidi kwa mbinu hii ni Hidetaka Miyazaki wa studio ya FromSoftware ya Japani, aliyeongoza utengenezaji wa Dark Souls mwaka 2011.

Miyazaki amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto alipenda kusoma vitabu vya hadithi za kufikirika vya Kiingereza, ingawa lugha hiyo hakuimudu vizuri. Sehemu alizoshindwa kuelewa alizijaza kwa mawazo yake. Alipokuwa mtengenezaji wa gemu, aliamua kuwapa wachezaji wake nafasi ileile.

Yeyote aliyewahi kutazama filamu ya Kihindi au ya Kichina bila kuelewa maneno, akajitungia nusu ya hadithi, anajua hisia hiyo.

Katika Dark Souls, historia imefichwa kwenye maelezo mafupi ya vitu unavyookota: pete, upanga, vazi. Kwenye mji wa miungu wa Anor Londo kuna sanamu za familia ya kifalme, lakini sanamu moja imeondolewa. Kwingineko unaokota pete ambayo maelezo yake yanamtaja mtoto wa kwanza wa mfalme, aliyevuliwa hadhi yake na kufutwa kwenye kumbukumbu. Gemu haikwambii kwamba vitu hivi viwili vinahusiana. Wachezaji walibishana kuhusu mtoto huyo kwa miaka mingi, hadi Dark Souls III ya mwaka 2016 ilipowapa kidokezo kikubwa zaidi.

Morrowind nayo ilikuwa na mbinu inayofanana. Kuhusu kifo cha shujaa wao wa kale, Nerevar, kila kundi lina simulizi lake. Makuhani wana lao, watu wa nyikani wana lao, na adui mkuu ana lake. Gemu haitoi hukumu ya mwisho. Ni kama ilivyo kwenye ukoo wowote mkubwa: waulize wazee 3 ugomvi wa shamba ulianzaje, upate majibu 3.

Lakini kuna mpaka. Kuficha si sawa na kutokuwa na kitu. Mchezaji akichimba akakuta patupu, haamini tena. Lazima mwandishi awe anajua jibu, au walau awe ameacha vipande vinavyoshikana.

Dunia yenye shughuli zake

Jambo la pili ni kumfanya mchezaji aamini kwamba watu wa dunia hiyo hawakuwekwa pale kumsubiri yeye.

Mfano wa kale na bora ni The Legend of Zelda: Majora's Mask ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2000. Mwezi unaanguka, na baada ya siku 3 utaiangamiza dunia. Mchezaji ana uwezo wa kurudisha muda nyuma na kuziishi siku hizo 3 tena na tena.

Katika mji wa Clock Town, wakazi wana ratiba zao. Tarishi anagawa barua kwa saa zake. Mlinzi yuko langoni. Msichana anayeitwa Anju anaendesha nyumba ya wageni huku akimsubiri mchumba wake, Kafei, aliyetoweka kabla ya harusi. Ukiwa kona nyingine ya ramani unapigana na mazimwi, Anju anaendelea kusubiri. Ukitaka kuwakutanisha, lazima uwe mahali sahihi kwa saa sahihi, siku zote 3, na wanakutana zikiwa zimebaki dakika chache kabla mwezi haujatua.

Kinachoshangaza ni kwamba gemu hiyo ilitengenezwa kwa muda mfupi, na wahusika wengi walichukuliwa kutoka gemu iliyotangulia, Ocarina of Time ya mwaka 1998. Sura zilikuwa zilezile. Kilichoongezwa ni maisha ya kila mmoja.

Stardew Valley, inayopatikana hata kwenye simu, inafuata njia hiyo kwa upole zaidi. Ni gemu ya kulima, kuvua na kuzoeana na majirani. Kuna familia moja ambayo mwaka mzima wa kwanza baba yao hayupo, yuko vitani. Mwaka wa pili anarudi. Jina lake ni Kent. Siku moja mkewe anakaanga bisi jikoni, na zile sauti za kupasuka zinamrudisha Kent vitani. Anashtuka na kufoka.

Ni tukio dogo kwenye gemu ya kupanda maboga. Lakini baada ya hapo mchezaji anajua kwamba nje ya kijiji hiki kuna vita, na kwamba vita hivyo vimeingia hadi jikoni.

Dunia inayokukumbuka

Jambo la tatu ndilo linalotofautisha gemu na filamu au riwaya. Filamu haijui kama unaitazama. Gemu inajua ulichofanya, na inaweza kukurudishia.

San Andreas ilifanya hivyo kwa njia rahisi ambayo kila aliyeicheza anaikumbuka. CJ akila kupita kiasi ananenepa, na akinenepa anashindwa kukimbia vizuri. Akienda jimu anajaza misuli. Wapita njia wanatoa maoni kuhusu nguo zake. Redio ya ndani ya gari inataja kwenye taarifa ya habari mambo yaliyotokea kwenye misheni.

Undertale ya mwaka 2015, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Toby Fox, ilikwenda mbali zaidi. Katika gemu hiyo unaweza kuua maadui au kuwasamehe. Mwanzoni kuna mlezi mpole anayeitwa Toriel. Wachezaji wengi humuua bila kukusudia, wakajuta, wakarudi nyuma pale walipohifadhi gemu ili safari hii wamwache hai. Wanadhani wamefuta kosa. Kisha anatokea mhusika mwenye umbo la ua na kuwaambia kwamba anajua walichofanya.

Mfano mzito zaidi ni wa Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018. Hadithi inatokea Marekani mwaka 1899, na mhusika mkuu ni jambazi anayeitwa Arthur Morgan. Mapema kabisa, Arthur anatumwa kudai deni la mkulima maskini na mgonjwa, Thomas Downes. Anampiga. Mkulima anakohoa damu usoni mwake.

Mchezaji anaiona kama misheni ya kawaida, anaendelea na mambo yake. Saa nyingi baadaye Arthur anaanza kukohoa, na daktari anampa jibu: kifua kikuu. Alikitoa pale. Kisha anakutana tena na mjane wa Downes na mwanawe, wakiishi kwa taabu kwa sababu ya deni lile. Misheni ndogo ya kukusanya pesa ndiyo iliyombebesha kifo.

Hapa wachezaji wengi hukaa kimya. Si kwa sababu gemu imewahubiria. Ni kwa sababu kitufe kile walikibonyeza wao.

Uamuzi usiokuwa na jibu zuri

Gemu nyingi hutoa uamuzi wa aina 2: kuwa malaika au kuwa shetani. Msaidie bibi kizee, au mwibie. Hapo hakuna cha kufikiri.

Dunia yenye uzito hukuweka njia panda. The Witcher 3 ya studio ya CD Projekt Red ya Poland, iliyotoka mwaka 2015 na kutokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski, ina kisa cha mtawala mmoja wa vita anayeitwa Bloody Baron. Anamwomba Geralt, mwindaji wa mazimwi, amtafutie mke na binti yake waliotoweka. Polepole inabainika kwamba walikimbia kwa sababu alikuwa mlevi na akimpiga mkewe.

Katikati ya kisa hicho Geralt anakutana na roho iliyofungwa chini ya mti. Akiifungua, watoto yatima wa kinamasini wananusurika, lakini mke wa mtawala anakufa na mume anajinyonga. Akiiua roho hiyo, watoto wanapotea, mke anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na mume anamchukua kumtafutia tiba. Na wakati wa kuamua, mchezaji hajui lolote kati ya haya.

Papers, Please ya Lucas Pope ilifanya jambo hilo ndani ya chumba kimoja tu. Ilitoka mwaka 2013, na tangu 2022 ipo kwenye simu. Wewe ni ofisa wa uhamiaji kwenye mpaka wa nchi ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982. Kazi yako ni kukagua pasi, vibali na mihuri. Mshahara unategemea watu wangapi umewahudumia kwa usahihi, na nyumbani familia inahitaji chakula, joto na dawa.

Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi kamili. Anaomba umhurumie mkewe, aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika, hana kibali, na anasema akirudishwa atauawa. Ukimpitisha, umevunja utaratibu. Ukikosea mara nyingi siku hiyo, mshahara unakatwa na mtoto wako analala na baridi.

Ramani ya Papers, Please ni meza, dirisha na foleni. Lakini yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mpakani akiwa ameshika karatasi zake kwa wasiwasi, ataiamini dunia hiyo mara moja.

Hadithi ikisema hivi, mchezo ukafanya vile

Kinachobomoa dunia haraka kuliko vyote ni hadithi na uchezaji kutokubaliana.

Mwaka 2007, mbunifu wa gemu kutoka Canada, Clint Hocking, aliandika uchambuzi wa gemu ya BioShock. Alionyesha kwamba hadithi yake inakosoa ubinafsi, lakini uchezaji wenyewe unamzawadia mchezaji kwa kuwa mbinafsi. Tangu hapo tatizo hilo limekuwa na jina lake miongoni mwa wabunifu, na linajadiliwa kila mara.

Mfano maarufu ni Nathan Drake wa mfululizo wa Uncharted. Kwenye hadithi ni mtu mcheshi mwenye moyo mzuri. Kwenye uchezaji anaua mamia ya watu kabla ya kumaliza gemu. Watengenezaji wenyewe walilitania jambo hilo: Uncharted 4 ya mwaka 2016 inatoa tuzo ya ndani ya gemu kwa anayeua maadui 1,000, na tuzo hiyo imepewa jina la tatizo lilelile alilolitaja Hocking.

Kwenye simu hali hii ni ya kila siku. Hadithi inasema mji unaungua na kila sekunde ni ya thamani. Kisha gemu inakwambia usubiri saa 4 mnara ujengwe, au ulipie ili usisubiri. Hapo hata hadithi iwe nzuri vipi, mtu anakumbuka kwamba yuko dukani.

Sauti na lugha

Dunia haionekani tu, inasikika. San Andreas ina vituo vya redio vyenye watangazaji, vipindi na matangazo ya biashara ya dhihaka. Hadithi yake imewekwa mwaka 1992, na mwishoni mji wa Los Santos unalipuka kwa ghasia baada ya polisi mwovu, Tenpenny, kuachiwa huru. Wamarekani walitambua mara moja kinachozungumziwa: ghasia za Los Angeles za mwaka huohuo, baada ya polisi waliompiga Rodney King kutokutiwa hatiani.

Kiswahili nacho kina nafasi yake katika historia hii. Gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguka kwa wimbo "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Kiswahili ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza wa gemu kufanya hivyo. Watu wasiojua neno hata moja la Kiswahili wanauimba mpaka leo.

Lakini wimbo wa mwanzo ni mlango tu. Dunia nzima inayozungumza Kiswahili ilichelewa kufika.

Ilikuja mwezi Aprili 2024 na Tales of Kenzera: Zau. Mwanzilishi wa studio iliyoitengeneza, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji wengi wanaijua sauti yake kupitia Bayek, mhusika mkuu wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Zau ni mganga kijana anayefiwa na baba yake, kisha anakwenda kufanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe. Salim aliitengeneza baada ya kumpoteza baba yake mzazi. Dunia yake imejengwa juu ya simulizi za Kibantu, na mchezaji anaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili.

Gemu hiyo ilisifiwa kwa hadithi na sanaa yake. Hata hivyo, mwaka huohuo studio ilipunguza wafanyakazi. Kutengeneza dunia nzuri ni jambo moja, kuiuza ni jambo jingine.

Je, lazima uwe na mabilioni?

Hapana. Na hili ndilo la muhimu kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaojifunza kutengeneza gemu.

Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake kwa takriban miaka 4 na nusu: picha, muziki, programu na hadithi. Ilitoka mwaka 2016 na imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Hollow Knight ya mwaka 2017, yenye ufalme mzima wa wadudu ulioanguka, ilitoka kwenye timu ndogo sana ya Adelaide, Australia, iliyochangiwa na wachezaji zaidi ya dola 57,000 za Australia mtandaoni.

Barani Afrika, studio ya Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, hadithi ya mfalme aliyepinduliwa anayeondoka na mkewe kutafuta nguvu za mababu zake. Kenya ilikuwa na Nairobi X ya Andrew Kaggia mwaka 2015, kuhusu viumbe wa anga za mbali wanaoivamia Nairobi.

Kikwazo cha pesa ni cha kweli, hasa kwenye picha na matangazo. Lakini mambo 3 yaliyotajwa mwanzoni hayahitaji kompyuta ya gharama. Ratiba ya Anju, barua za Ish na karatasi za Arstotzka ni kazi ya kufikiri. Kituo cha daladala chenye kondakta, mpiga debe, muuza maji na abiria aliyesahau chenji yake kinaweza kuwa dunia kamili, kila mtu akiwa na sababu yake ya kuwa pale. Kinachohitajika ni mtu anayekijua kituo hicho vizuri kuliko mgeni.

Kabla hujamaliza bando

Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inataka zaidi ya GB 100. Hata gemu za simu sasa hula bando na nafasi ya kutosha. Kabla hujaamua gemu ibaki au ifutwe, jiulize maswali haya baada ya saa ya kwanza:

• Umeona kitu kilichokufanya ujiulize nani alikuwa hapa kabla yako?

• Kuna mhusika yeyote anayetaka kitu ambacho hakikuhusu wewe?

• Umefanya jambo, kisha dunia ikalitaja au ikabadilika?

• Kuna uamuzi uliokufanya usimamishe kidole kabla ya kubonyeza?

• Kinachosemwa kwenye hadithi kinafanana na unachokifanya kwa vidole?

Majibu ya "ndiyo" yakiwa 3 au zaidi, ivumilie hata kama picha zake ni za kawaida. Yakiwa sifuri, ramani kubwa haitakusaidia. Futa, okoa GB zako.